Nyanya ya Kumi na Moja

Kila siku, kabla hajaonja hata chai, Mama Fungu alichambua nyanya. Ngumu aliziweka huku. Laini aliziweka kule. Zilizooza zilikwenda kwenye ndoo. Zamani ndoo hiyo ilijaa mpaka akaona haya kuibeba mbele za watu. Aliifunika kwa gunia, kama mtu aliyeiba.

Jina la Mama Fungu alipewa na wenzake wa sokoni. Wao waliweka nyanya nne katika fungu moja. Yeye aliweka tano.

"Wewe utakufa maskini!" walimtania.

"Basi nitazikwa na wateja," alijibu, na ya tano akaiweka.

Mume wake alikuwa fundi wa majokofu. Watu wote walimwita Fundi, hata mkewe. Jokofu lililowashinda wengine lilipona mikononi mwake. Shida yake ilikuwa mdomo. Mdomo wa Fundi ulikuwa mwepesi wa kuahidi. Tutafika huko.

Miaka mitatu iliyopita, jioni moja, Mama Fungu alifika nyumbani amechoka. Aliimwaga ndoo yote ya nyanya mbovu mlangoni. Hakuwa na nguvu ya kuifikisha jalalani.

"Fundi," alisema, "unatengeneza majokofu ya wenye soda. Sisi wa nyanya tumekukosea nini?"

Fundi alikaa kimya siku tatu. Mkewe akadhani amenuna. Kumbe alikuwa anawaza.

Hivyo ndivyo lilivyoanza kabati la baridi. Lilikuwa kubwa kama choo cha nje, lenye kuta nene za kuzuia joto. Mchomeleaji, rafiki wa Fundi tangu utotoni, aliunga fremu ya chuma. Mwenye Nyumba aliwapa chumba kando ya soko, akakubali kusubiri kodi miezi mitatu. Mchora Vibao aliandika mlangoni kwa rangi ya buluu. Juu ya bati waliweka paneli za jua. Ilibaki kompresa, ile mashine inayonguruma na kuleta ubaridi. Kompresa ilikuwa ghali, na mifuko yao ilikuwa imekauka.

Hapo ndipo dada yake Fundi alipouza cherehani chake.

Dada huyo alikuwa mshonaji. Mama Fungu alimwita Wifi. Mume wake alikuwa amefariki, akamwachia binti mdogo wa miaka sita. Cherehani kile ndicho kilichowalisha. Wifi alikiuza, akampa kaka yake pesa zote, akarudi kushona kwa mkono.

Siku kabati lilipowashwa, Mama Fungu alilia. Wifi akamshika bega.

"Unalia nini, wifi? Cherehani changu hakijapotea. Kimo humo ndani. Hukisikii kinavyonguruma?"

Wakacheka. Kabati likaanza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Muuzaji analeta kreti lake la nyanya, au mboga, au matunda. Analipa kidogo kwa siku. Mama Fungu anampa kifuniko cha chupa chenye namba. Kifuniko cha pili chenye namba ileile anakifunga kwenye kreti. Asubuhi muuzaji anarudisha kifuniko, anachukua mali yake, nayo ni ngumu kama ilivyoingia. Kwa miaka mitatu Mama Fungu alikaa kwenye mlango ule. Aliacha kuuza nyanya zake sokoni. Akabakiza kreti moja tu la kuuzia wapita njia.

Lakini kabatini yaliingia makreti ishirini tu. Kabla ya saa sita mchana lilikuwa limejaa. Waliobaki walirudishwa. Pesa ya makreti ishirini ilikwenda kwenye kodi na matengenezo, ikaishia hapo. Mwezi mmoja kompresa iliugua, na nyumba nzima ikaugua nayo.

Siku moja Mwenye Nyumba alikuja. Hakukaa.

"Kuna dada wa saluni anakitaka chumba hiki," alisema. "Atalipa mara mbili. Mwisho wa mwezi ujao, ama mnalipa kama yeye, ama mnanipisha."

"Lakini tulikubaliana..." Fundi alianza.

"Tulikubaliana mengi, Fundi. Na sehemu yangu uliyoniahidi sijaiona."

Mama Fungu aligeuka. Sehemu gani? Fundi alikuwa anatazama viatu vyake.

Kama wangekuwa na makabati matatu, chumba kilekile kingelipa kodi hiyo na pesa ikabaki. Fundi alikwenda benki. Benki wakamwomba hati ya nyumba. Nyumba gani? Alirudi ameshika tama, akakaa juu ya ndoo. Mama Fungu aliangalia kabati, akaangalia makreti yaliyopangwa nje juani, akaona ndoo ya nyanya mbovu inarudi maishani mwake.

Aliyewafungua macho alikuwa jirani yao. Alikuwa mama mtu mzima mwenye duka la dawa, nyumba mbili kutoka hapo. Wote walimwita Mama Famasia. Alikuja kununua nyanya, akamkuta muuzaji wa mboga anabembeleza kreti lake liingie, nalo halina pa kuingia.

"Hali hii ni ya leo tu, au ya kila siku?" aliuliza.

"Ya kila siku, mama," alisema Mama Fungu.

"Na mtafanya nini?"

"Tutafunga."

Mama Famasia alivuta kiti cha plastiki, akakaa. "Hebu niitieni huyo fundi."

Fundi alikuja mbio, mikono ina grisi. Mama Famasia hakuzunguka mbuyu.

"Mwanangu, sisi tuko watu saba. Kila mmoja ana kazi yake. Tunatoa pesa zetu wenyewe, tunazitia katika biashara changa za hapahapa. Watu wanatuita wawekezaji malaika."

Fundi akacheka. "Malaika na pesa wapi na wapi, mama?"

"Hata mimi nashangaa. Malaika huyu ana presha na magoti mabovu. Tunaitwa hivyo kwa sababu tunakuja mapema, wakati benki bado inataka hati. Lakini nisikilize vizuri. Sikukopeshi. Wala sitoi sadaka. Nanunua sehemu ya biashara. Ikikua, nami nimepata. Ikifa, pesa yangu imekufa nayo, na siji kukugongea mlango. Ndiyo maana nitauliza maswali mpaka unichukie."

"Uliza tu, mama."

"Wateja wangapi kwa siku?"

Fundi alijaza kifua. "Mia mbili!"

Mama Fungu alikohoa. Mama Famasia akamgeukia. "Wewe unasemaje, mwanangu?"

"Ishirini ndio wanaoingia, mama. Wanaorudishwa ni hawa." Alitoa kamba ya katani iliyoning'inia nyuma ya mlango. Ilikuwa imejaa mafundo. "Kila ninayemrudisha, nafunga fundo. Siku ikiisha, nafunga utepe mwekundu."

Mama Famasia alivaa miwani. Alihesabu mafundo kati ya utepe na utepe, taratibu, kama anavyohesabu vidonge. Kumi na tisa. Ishirini na mbili. Kumi na saba.

"Fundi," alisema, "hiyo mia mbili yako ingenifukuza hapa. Nisingeliamini hata kabati lenyewe. Kamba hii ndiyo imenikalisha. Anayeomba pesa aoneshe ukweli, hata kama ni mdogo. Sasa unataka makabati mangapi?"

"Kumi!"

"Utayaweka kichwani?"

Fundi alikuna kichwa hichohicho. "Basi... mawili."

"Kwa nini mawili?"

Alitazama kamba. "Kwa sababu wanaorudishwa ni kama ishirini. Kabati la pili litawatosha hao. La tatu ni la msimu wa mavuno, kila mtu anapovuna kwa pamoja."

"Haya, hapo tunaelewana. Omba kile unachoweza kukieleza. Swali la mwisho. Biashara hii ni ya nani?"

"Yangu," alisema Fundi, haraka mno.

"Yako peke yako? Hukumwahidi mtu?"

Kabati likanguruma. Mama Famasia aliinuka, akachukua nyanya kumi kutoka kwenye kreti la Mama Fungu, akazipanga juu ya meza.

"Biashara nzima ni nyanya hizi kumi. Zote. Hakuna nyingine. Nani ana ngapi? Sema ukweli, mwanangu."

Fundi alianza kuhesabu. "Dada yangu. Aliuza cherehani. Nilimwambia nusu."

Nyanya tano zikasogezwa pembeni.

"Mchomeleaji. Sikuwa na pesa ya kumlipa fremu. Nilimwambia... tatu."

Zikasogezwa tatu.

"Mwenye Nyumba. Kwa ile miezi aliyosubiri. Mbili."

Zikasogezwa mbili. Meza ikabaki tupu. Fundi aliendelea kuiangalia.

"Wameisha?" aliuliza Mama Famasia.

"Bado mmoja. Mchora Vibao. Nilimwambia moja."

"Moja ipi? Nionyeshe."

Fundi alinyoosha mkono kwenye kreti achukue nyanya nyingine. Mama Famasia akampiga kofi dogo la mkono.

"Hiyo ni ya kumi na moja. Haipo! Umegawa kitu ambacho hakipo. Na wewe mwenyewe uko wapi? Mimi unaniuzia nini, maganda?"

Fundi alicheka kidogo. Kicheko kikamfia mdomoni.

"Na huyu?" Mama Famasia alimwonyesha Mama Fungu. "Huyu anayekaa mlangoni miaka mitatu, mwenye kamba. Ana nyanya ngapi?"

Mama Fungu alisimama palepale, vifuniko vya chupa mkononi. Wazo lilikuwa lake. Ndoo ilikuwa yake. Miguu iliyovimba kwa kukaa pale ilikuwa yake. Katika watu wote walioahidiwa, yeye hakutajwa hata kwa bahati mbaya. Iliuma. Iliuma mpaka akaogopa kufungua kinywa.

Mama Famasia aliona, akashusha sauti. "Sitii pesa hapa mpaka hili linyooke. Nendeni kwa kila mmoja. Aliyefanya kazi alipwe kazi yake. Aliyetoa mali yake ikaingia katika hatari, huyo ndiye mwenye sehemu. Kisha tuandike. Nina subira, ila mwenye nyumba wenu hana."

Akanunua nyanya zake, akaenda.

"Hukunihesabu," alisema Mama Fungu.

"Wewe ni mke wangu! Kilicho changu si chako?"

"Kilicho chako ni nini, Fundi? Nyanya ya kumi na moja?"

Kesho yake walianza kuzunguka. Mchora Vibao aliwapokea kwa kicheko. "Kumbe ulikuwa unasema kweli? Mimi nilijua unanitania! Nilipe ile rangi tu, ndugu yangu." Wakamlipa, wakashikana mikono.

Mwenye Nyumba alikuwa mgumu. "Mbili zangu siachi," alisema.

Mama Fungu ndiye aliyejibu. "Sawa. Mwezi uliopita kompresa iliharibika. Wenye sehemu wote wanachangia matengenezo. Lako ni fungu hili." Akamwambia kiasi.

"Nichangie nini? Mimi?"

"Mwenye biashara anakula faida na hasara."

Mwenye Nyumba alifikiri kwa muda mfupi sana. "Nipeni kodi yangu, jamani. Mambo ya kompresa mimi siyajui." Wakakubaliana: makabati mapya yakija, watalipa kama dada wa saluni. Alitia sahihi kwamba hana dai lingine.

Kwa Mchomeleaji mambo yalikwenda mrama. Walimkuta karakanani kwake, cheche zinaruka. Alizima mashine, akavua miwani nyeusi, akamsikiliza Fundi mpaka mwisho.

"Kwa hiyo leo umepata mama wa pesa," alisema, "ndiyo unakuja kunilipa kama kibarua."

"Si hivyo, ndugu yangu. Nilikosea kuahidi. Fremu nakulipa bei yake kamili, na fremu mbili mpya ni zako. Utaanza na malipo ya kwanza kabla hujakata chuma."

"Tulikuwa tunalala mkeka mmoja, wewe na mimi. Uliniambia biashara ni yetu. Nikawaambia watoto wangu ni yetu."

Fundi angesema nini? Maneno yalikuwa yake.

Mchomeleaji alitia sahihi. Alifanya ile kazi, na aliifanya vizuri. Lakini kuja kwao jioni kupiga soga, hakuja tena. Fundi alizoea kugeuka kila geti likilia. Hakuwa yeye.

Wakabakiza Wifi. Fundi aliahirisha mara mbili. "Leo jua kali." "Leo nina jokofu la mtu." Mwishowe Mama Fungu alivaa viatu. "Mimi nakwenda," alisema. Fundi akafuata nyuma.

Wifi aliishi chumba kimoja mwisho wa korido. Walimkuta kitandani, ameegemea mito miwili, anapachika vifungo kwenye shati la mtu. Miguu yake ilikuwa imevimba. Pumzi ilimtoka kwa shida. Binti yake alikuwa anaosha vyombo kwenye beseni.

"Wifi!" Mama Fungu alishtuka. "Unaumwa tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Daktari anasema ni moyo." Alitabasamu. "Karibuni. Mmepotea."

Mama Fungu alikaa ukingoni mwa kitanda. Aliona aibu. Mwaka mzima, na wao walikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kazi nyingi, ndivyo walivyokuwa wakisema.

Fundi alipiga magoti sakafuni. Alieleza yote. Nyanya kumi, Mama Famasia, ile ya kumi na moja. Mwisho akafika kwenye nusu aliyomwahidi.

"Kaka," alisema Wifi, "nusu ile sikuiamini hata siku ile. Nakujua. Ukifurahi unagawa hata mwezi wa angani."

"Nisamehe, dada."

"Nusu si neno." Alivuta pumzi. "Neno ni kwamba hamkuja. Nilitoa cherehani changu. Sikujua kabati linakwenda au limekufa. Nilikuwa nauliza wapita njia, kama mtu anayeuliza habari za mtoto wa jirani. Hata kama mngekuja kuniambia limeungua, ningefurahi. Ningejua na mimi nimo."

Fundi aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda, akalia. Mama Fungu hakumnyamazisha. Alistahili kulia.

Wiki hiyohiyo Mama Famasia alikuja mwenyewe kwenye chumba kile, pamoja na wakili kijana aliyeandika mkataba. Alikaa kwenye kiti pekee kilichokuwapo. Wifi akataka kuinuka kwa heshima.

"Kaa, mwanangu. Mnasema mimi ndiye mwekezaji malaika? Wa kwanza ni wewe. Mimi nimekuta kabati linafanya kazi. Wewe ulitoa wakati hapakuwa na kitu, ila mdomo wa kaka yako."

Hata Fundi alicheka.

Waliigawa biashara vipande mia. Mama Famasia na wenzake walinunua kumi na tano, na pesa yao ilitosha makabati mawili. Wifi alipata kumi na tano vilevile, bila kutoa kitu kingine. "Pesa yako ilikuwa ndogo kuliko yangu, lakini ilibeba hatari kubwa," alisema Mama Famasia. "Unakubali? Usiseme ndiyo kwa kuniogopa." Wifi alifikiri, akauliza maswali mawili, akakubali.

Vilibaki sabini. Fundi alitaka kumwongezea Mama Famasia vipande kumi, kwa shukrani.

"Umeanza tena!" Mama Famasia alimkemea. "Ukinipa vingi leo, kesho akija mwekezaji mwingine utampa nini? Na ukibaki na vichache, utachoka kufanya kazi. Kinachobaki ni chenu ninyi mnaoendesha. Na hata ninyi mtavipata kidogo kidogo, kwa miaka minne. Atakayeondoka kesho, asiondoke navyo vyote."

Fundi alimtazama mkewe. "Sabini tugawe sawa," alisema. "Thelathini na tano kwa thelathini na tano."

Mama Fungu hakusema asante. Alichukua kalamu, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja. Hilo ndilo lililokuwa jina lake halisi. Sokoni hakuna aliyelijua.

Wakili alisoma mkataba wote kwa sauti. Kwenye neno gumu alisimama, akaeleza. Mwishoni Mama Famasia alimgeukia Wifi.

"Kuna jambo zito, mwanangu. Mwenye sehemu akiondoka duniani, sehemu yake ni ya nani? Kila mmoja wetu ataandika. Na mimi nimeshaandika."

Binti, aliyekuwa kwenye beseni la vyombo, aliacha kuosha.

"Ya binti yangu," alisema Wifi. "Wifi yangu amtunzie mpaka awe mtu mzima. Andika: wifi yangu. Si kaka. Kaka atagawa."

Makabati mapya yalifika baada ya wiki tano. Kamba ya mafundo ikabaki bila fundo kwa siku nyingi. Kila mwisho wa mwezi Mama Fungu aliandika habari za biashara kwenye karatasi moja. Makreti mangapi yameingia. Nini kimeharibika. Nini kinatia wasiwasi. Nakala moja alimpelekea Mama Famasia. Nyingine alimpelekea Wifi, akamsomea kitandani.

"Soma tena pale pa kompresa ya pili," Wifi aliomba.

"Ilizima siku moja. Fundi aliitengeneza."

"Nilijua tu. Ya kwanza haizimi hovyo. Ile ina cherehani changu."

Karatasi ya kwanza alisomewa. Ya pili alisomewa. Mama Fungu alipokuwa anaandika ya tatu, binti alikuja anakimbia, bila viatu.

Walimzika Wifi siku iliyofuata. Mchomeleaji alikuja. Alishika sepetu, akafukia kimya pamoja na Fundi, bega kwa bega. Walipomaliza, alimpa Fundi mkono, akaenda zake.

Watu hawajatawanyika, shemeji wa Wifi alisimama. Alikuwa ndugu wa mume wake marehemu. Kipindi chote cha ugonjwa hakuonekana.

"Nasikia marehemu alikuwa na sehemu kwenye yale makabati," alisema. "Mimi ndiye mwanamume wa upande wa baba wa mtoto. Sehemu hiyo naichukua mimi."

Mama Fungu alisogea mbele. Alipiga moyo konde. Alifungua mkoba, akatoa mkataba. Aliusoma pale pale, mbele ya wote, mpaka kwenye jina la binti. Shemeji aliichukua karatasi, akaigeuza, akatafuta kosa. Aliona sahihi na muhuri wa wakili. Akairudisha.

"Kama ingekuwa ahadi ya mdomo tu," Fundi alimwambia mkewe njiani, "leo tungekuwa tunapigana makaburini."

"Ya mdomo ilikuwapo," alisema Mama Fungu. "Miaka mitatu."

Binti alihamia kwao. Mwisho wa mwaka biashara iligawa faida kwa mara ya kwanza. Haikuwa nyingi. Fungu la vipande kumi na tano lilitosha ada ya shule na viatu. Mama Fungu alimpeleka binti kwenye chumba cha makabati, akamwonyesha karatasi yenye jina la mama yake, na chini yake jina lake mwenyewe.

"Letu ni lipi?" aliuliza binti.

"Hakuna lenu peke yenu. Katika yote matatu mna sehemu."

Binti hakuridhika. Alipita la tatu. Alipita la pili. Alisimama mbele ya lile la zamani, lenye maandishi ya buluu yaliyochakaa, akabandika sikio mlangoni. Kompresa ilikuwa inanguruma.

"Mama alisema cherehani chake kimo humu."

Mama Fungu alitaka kumweleza kwamba cherehani kiliuzwa, na kompresa ni kompresa. Nje muuzaji wa mboga alikuwa anaita, kreti lake kichwani.

"Kimo," alisema, akaenda kumpa muuzaji kifuniko chake.